Jumatano za rejesho

Mimi ndo mweka hazina wa kikoba chetu hapa soko la Mwanjelwa, Mbeya, na nilichojifunza kwenye kazi hiyo ni kwamba deni likishageuka tatizo linaanza kuonekana kwa mtu mwenyewe kabla halijaonekana kwenye daftari. Anaanza kupita njia za uchochoroni. Simu inazimwa kila Jumatano. Kikaoni ananunua hisa vizuri tu, tena anawahi, ila hela yenyewe kakopa asubuhi hiyohiyo kwenye laini ya simu ili tusimshtukie.

Sisemi kukopa ni vibaya jamani, meza nyingi za soko hili zimesimama kwa mkopo, yangu ikiwemo. Ila kuna mama tunauza naye viazi, meza yake na yangu zinapakana, na huyu nilikuwa namuona anazidi kukonda, nikajua ni vidonda vya tumbo. Jana jioni tumeshafunika magunia nikamuuliza, Dada mbona siku hizi hauko sawa? Akaniambia, Mdogo wangu we acha tu, halafu yakamtoka yote.

Alianza na laki tano za kikundi chake cha mkopo, sio kikoba chetu, riba asilimia 20, anarudisha 60,000 kila Jumatano kwa wiki kumi. Hapo bado hakuna shida, hela alienda kulimia viazi kule Isyonje. Shida ni kwamba kiazi kinakaa shambani miezi mitatu minne na rejesho linataka hela wiki ijayo, sasa hiyo 60,000 itoke wapi kama sio kwenye mtaji wa meza? Mtaji ukaanza kukatika. Akaenda kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, akachukua laki mbili, anarudisha 10,000 kila siku ya soko, siku sita kwa wiki, mpaka zifike 260,000, na mtungi wa gesi na TV ameziandikisha kama dhamana. Meza yenyewe ikichangamka sana inaleta faida kama 90,000 kwa wiki, na yeye anatakiwa kutoa 120,000 kabla watoto hawajala.

Tunasemaga dawa ya deni kulipa, na yeye kweli analipa, hajawahi kuruka hata Jumatano moja, ndo maana hakuna aliyemshtukia! Ila analipa deni kwa deni. Mimi kwangu hiyo ndo alama kubwa kuliko kiasi chenyewe, maana kuna mtu anadaiwa milioni kumi na analala usingizi.

Kitu kingine kilichoniuma, hajui jumla. Kila deni analijua peke yake, hajawahi kuyaweka pamoja, akasema anaogopa. Tukayaandika yote nyuma ya boksi la sabuni, na la apu moja ya mikopo ya kwenye simu ambayo ilishaanza kutuma mesej kwa ndugu zake kwamba huyu ni tapeli. Nikamwambia hizo apu Benki Kuu ilishatoa orodha ya 69 zisizo na leseni, mwaka 2024 mwezi wa 11, aangalie kama hiyo yake imo. Na taasisi za mikopo zisizopokea amana zimewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, yeye hao wa laki mbili wanamkata 30 kwa mwezi mmoja. Alinitazama kama namtania.

Tulichobishana ni nani aanze kulipwa. Yeye anataka wa apu kwa sababu ndo wanamtukana, mimi nasema hao wasubiri, amalizane na wa kila siku kwanza maana ndo wanaomla mtaji, halafu aende kwa afisa mikopo wa kikundi aombe rejesho lishuke mpaka viazi vitoke. Watakubali? Sijui, wenzake kwenye kikundi ndo watamlipia akikwama, kwa hiyo watanuna. Na asiuze shamba bichi, yaani viazi kabla havijakomaa, hilo nimemsisitiza sana, madalali wa huko wakishajua una shida wanakupangia bei wao na gunia wanashindilia lumbesa, limejaa kupita kipimo.

Akakubali yote, isipokuwa moja. Mumewe hajui chochote na hataki ajue, na TV iliyoandikishwa ni ya mumewe. Hapo nilinyamaza. Nikamfungashia viazi vyangu kidogo vya watoto akapanda bajaji.