Mwanamke wa kwanza, ila wa kwanza wa nini?

Habari za "mwanamke wa kwanza" huandikwa kwa pupa. Uliza nani alikuwa rais wa kwanza mwanamke duniani, utapata majibu matatu na kila moja lina hoja yake. Isabel Perón wa Argentina ndiye wa kwanza kuitwa rais, Julai 1974, ila alikuwa makamu wa mumewe na akakikalia kiti mume alipofariki. Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland ndiye wa kwanza kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, 1980, ila urais wa kule hauna meno mengi. Na miaka mingi kabla yao, kuanzia 1940, Khertek Anchimaa-Toka aliongoza bunge la Tuva, kijinchi kilichokuwa kati ya Mongolia na Urusi, na kwa mfumo wao mwenye cheo hicho ndiye alikuwa mkuu wa nchi. Kwenye uwaziri mkuu hakuna ubishi: ni Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, tarehe 21 Julai 1960, miezi kumi hivi baada ya mumewe kuuawa akiwa kwenye cheo hicho hicho.

Kwa hiyo kwanza tazama kiti chenyewe. Sahle-Work Zewde aliyechaguliwa na bunge la Ethiopia mwaka 2018 alikuwa mkuu wa nchi, lakini serikali iliendeshwa na waziri mkuu. Angela Merkel, aliyekuwa kansela, yaani mkuu wa serikali, hakuwa mkuu wa nchi hata siku moja, na Ujerumani aliiongoza yeye kwa miaka 16.

Kisha tazama mlango alioingilia, maana ndio unaoamua atakuwa na watu wangapi nyuma yake.

Mlango wa makamu ni wa ghafla. Bingu wa Mutharika wa Malawi alifariki tarehe 5 Aprili 2012, na Joyce Banda akaapishwa tarehe 7. Katiba ilimpa kiti, haikumpa chama: alikuwa amekwisha kufukuzwa kwenye chama tawala na kuanzisha chake. Mwezi uliofuata akashusha thamani ya kwacha kwa theluthi moja hivi, bei zikapanda, kisha ikaja kashfa ya wizi wa fedha serikalini. Uchaguzi wa 2014 akawa wa tatu. Tanzania ilikuwa tofauti. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kifo cha Magufuli, na mwezi uliofuata akawa mwenyekiti wa CCM. Wengi husahau jambo moja hapo: ibara ya 40 ya Katiba inasema anayerithi urais ukiwa umebaki muda wa miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea mara moja tu.

Mlango wa chama ni wa hesabu, na hesabu hiyo hiyo humtoa aliyeingia. Novemba 1990, kwenye uchaguzi wa kiongozi wa chama, Waziri Mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher alipata kura 204 za wabunge wa chama chake, mpinzani wake Michael Heseltine 152. Alishinda, lakini kanuni ilitaka mshindi wa duru ya kwanza aongoze kwa asilimia 15 ya wapiga kura wote 372, yaani kura 56. Yeye aliongoza kwa 52. Kwa kura nne hizo zilizopungua, siku mbili baadaye alitangaza kuachia ngazi.

Halafu kuna mlango unaofunguliwa nyumba ikishaanza kuungua. Kim Campbell alikabidhiwa uwaziri mkuu wa Kanada Juni 1993, chama kikiwa kimechokwa. Oktoba kikabaki na viti viwili. Lawama alibeba yeye, ingawa deni la kisiasa lilikuwa la waliomtangulia. Merkel alijua kusubiri: 2002, akiwa mwenyekiti wa chama tayari, alimwachia Edmund Stoiber agombee ukansela. Stoiber akashindwa, na 2005 zamu ikawa yake.

Watu hudhani viti maalumu bungeni ndio dawa ya yote haya. Kwa bunge, vinafanya kazi kweli: Rwanda imetenga viti 24 kati ya 80 kwa wanawake, na 2013 walifikia 51, kwa sababu vyama navyo viliwaweka kwenye orodha zao. Lakini urais ni kiti kimoja, hakigawanyiki, na Rwanda haijawahi kuwa na rais mwanamke. Tanzania kikwazo kimeandikwa kabisa: ibara ya 51 inataka waziri mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni. Mbunge wa viti maalumu, hata awe hodari namna gani, hateuliki mpaka kwanza aende kutafuta jimbo.