Rejista ya skuli na maji ya bamvu

Mwaka 2017 ndo naanza kazi ya ustawi wa jamii Pemba, na wakati ule bado niko kwenye mafunzo kazini, yaani diploma nshapata, semina nshakaa, Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 nshaisoma mpaka kurasa zimechakaa, lakini siruhusiwi kuingia nyumba ya mtu peke yangu mpaka nitembee kwanza na ofisa mzoefu. Mie nikapangiwa mama mmoja mtu mzima ambae vijijini walimwita Bi Ustawi tu, na mpaka leo nikiambiwa nitaje mwalimu wangu simtaji wa chuoni, namtaja yeye.

Kuna siku moja nataka kuielezea. Kijiji sitokitaja na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha maana ile ni nyumba ya watu na siri zao, ila ni huko Micheweni, upande wa pwani wanakopanda mwani.

Skuli ilileta taarifa kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini, sheha akatuletea sisi, kwamba kuna mtoto wa kiume wa darasa la tano mtoro sugu, mama yake kaitwa mara kadhaa haji, na maneno ya mtaani yalikuwa mtoto anatumwa kazi na mama hajali. Tulipofika tukaanzia skuli. Mimi nilidhani tutaonana na mwalimu dakika tano tuondoke, lakini Bi Ustawi akaomba rejista, akaketi nayo, akanisogezea. "Hebu itazame mwanangu, usisome jumla, zitazame siku zenyewe."

Nikazitazama. Mtoto hayupo siku nne tano mfululizo, kisha yupo wiki nzima na zaidi bila kukosa, kisha tena hayupo, kisha yupo. Mtoro wa kawaida hana mpango kama huo, leo anakosa Jumatatu wiki ijayo Alkhamis. Sasa mie nimekulia Jambiani, pwani ya Unguja, khalati yangu kanilea kwa fedha ya mwani, na pale ofisini kwa mwalimu mkuu ukutani palikuwa na kalenda ile yenye tarehe za kiislamu chini ya za kizungu. Nikainuka nikalinganisha. Siku anazokosa zote ziko kwenye mwezi mchanga na mwezi kumi na nne. Nikamwambia Bi Ustawi, hizi siku za bamvu hizi, maji yanakupwa sana asubuhi saa nne saa tano, ndo wakati wanawake wako shambani baharini, na yakija maji mafu, yale yasiyokupwa sana, wanarudi majumbani na mtoto anarudi skuli.

Akanitazama, akaifunga rejista. "Basi tunakwenda nyumbani kwake kwa adabu, maana huyu mama anafanya kazi."

Njiani ndo darsa lenyewe. Akanambia faili liingie mkobani na lisitoke mpaka mwenye nyumba mwenyewe akuulize umekuja kwa lipi. Usikae kwenye kiti kama wenyewe wamekaa jamvini. Na mtoto usimuulize kwa nini. "Ukimuuliza mtoto kwa nini hukwenda skuli atatafuta jawabu la kukuridhisha weye, muulize siku yake inavokwenda tokea anapoamka, basi, atakwambia yote." Katika semina tulipewa karatasi yenye maswali, mazuri tu siyalaumu, lakini hakuna aliyetwambia habari ya jamvi.

Tulipiga hodi, na yule mama alivotuona na sheha kasimama nyuma yetu akabadilika uso. Neno lake la mwanzo, hata salamu haijesha, "Mmekuja kunichukulia wanangu mwapeleka Mazizini?" Yaani ile nyumba ya serikali ya kulelea watoto kule Unguja. Watu wengi wanajua ustawi kwa hilo tu, kuchukua watoto. Bi Ustawi akamwomba sheha atangulie barazani kwa jirani, kisha akaketi chini, akavuta kamba moja ya mwani iliyokuwa pale, na mama alikuwa anafunga mbegu kwenye taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani, na yeye akaanza kufunga. Hakujibu kwa maneno mengi, alisema tu "Hatujaja kuchukua mtu mama'ngu, tumekuja kukaa na nyinyi kidogo," na mikono inafunga. Ikapita muda mrefu wanazungumza mwani tu, kwamba ile aina ya cottonii inakufa kwa joto la maji ya kina kifupi, kwamba imebaki aina ya spinosum na kilo yake haifiki hata elfu, kwamba mume keshatoa talaka yuko bara na hajaleta kitu.

Mie nikaachiwa mtoto. Alikuwa upenuni na mdogo wake wa kike wa miaka kama sita hivi, mkono wa kulia una kovu kubwa la moto tokea kiganjani mpaka karibu na kiwiko, ngozi imevutana, vidole viwili havikunjuki. Kanisalimia shikamoo vizuri tu. Nikakaa chini nikamwambia kaka mtu nihadithie siku yako, siku ya bamvu, tokea unaamka.

Akanihadithia bila kituo. Anaamka, anateka maji, mama akitoka na wenzake kwenda pwani yeye anafunika kisima kwa bati na kuweka jiwe juu. Anazima moto, hata kama bibi anataka chai, anauzima na majivu anayamwagia maji. Kisha anakaa na mdogo wake mpaka mama arudi. Nikamuuliza, na akiwa anacheza na wenzake unafanyaje? Akasema "Mie najua akitaka kuanguka. Huanza kutazama pembeni hivi, na mdomo huu unacheza." Akanionesha kwa uso wake mwenyewe, jicho likaenda pembeni, ncha ya mdomo ikatetemeka, kisha akachukua kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne akaniwekea chini kwenye jamvi, hapa ndo anamlaza kichwa, na anamgeuza ubavu asije akapaliwa na mate. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza baada ya siku ile mdogo wake alipoangukia mafigani na bibi, ambae macho yake hayaoni vizuri, akawa anasikia tu mtoto analia hajui yuko wapi.

Mtoto wa miaka kumi na mbili huyo, ndo anaeitwa mtoro sugu. Nilishikwa na uchungu, na nilikuwa na hasira pia, sio kwa mama, hasira kwamba nyumba nzima imebebwa na watoto na wanawake na kila mtu kijijini anajua yule binti anaanguka kifafa lakini aliyeandikwa kwenye karatasi ni kaka yake.

Bi Ustawi aliponiita nikamweleza mbele ya mama, maana alishanambia kitu cha mtoto kisicho cha siri hakisemwi kwa kunong'ona mbele ya mama yake, atadhani mnamshitaki. Mama akalia. Akasema dawa alipewa zamani, mtoto akapata nafuu, wakaziacha, kisha akapelekwa kwa mganga akapungwa. Bi Ustawi hakumgombeza hata kwa jicho. Akasema mganga ni hiari yako na dua tusiache, lakini dawa ya kifafa ni ya kila siku, ukiikata ghafla kinarudi na pengine kinazidi, na Inshaallah wiki hii huyu mwanangu, yaani mimi, atakwenda na weye kituo cha afya.

Hapo ndo mama mwenyewe akauliza, haya hilo faili lenu mnataka kuandika nini? Nikalitoa, na tukaandika pamoja, kila tulichoandika namsomea. Bibi aliyekuwa kimya pale ndani akasema na yeye aandikwe. Kumbe keshapita miaka 70 na Pensheni Jamii, ile iliyoanza 2016 na wakati ule ilikuwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, hajaipata kwa sababu kitambulisho chake cha Mzanzibari kilipotea na hakuna wa kumpeleka kufuatilia.

Kazi iliyofuata haikuwa nyepesi wala ya haraka. Kitambulisho cha bibi kilitusumbua miezi. Dawa kituoni mara zipo mara zimekwisha, nikawa napiga simu kabla ili mama asipoteze nauli. Mwalimu mkuu, na hili namshukuru kwa dhati, alikubali siku za bamvu kijana aje na mdogo wake, binti akakaa darasa la awali hapo hapo skuli, na nesi wa kituo akaja kuwaonesha walimu namna ya kumlaza mtoto akianguka na kwamba asitiwe kijiko mdomoni. Kaka mtu alisimama pembeni anatazama, na nesi alipomaliza akainua mkono akaongeza habari ya kutazama pembeni na mdomo kucheza. Nesi akamwambia aje mbele aoneshe.

Miezi ya mwisho ya mwaka ule alikosa skuli siku chache sana, nyingi zikiwa za homa yake mwenyewe. Na mama yule alikuwa keshahadithia wenzake baharini, kwa sababu tuliporudi tena kijijini kupeleka karatasi ya pensheni tulikuta wanawake wawili barazani kwake wametusubiri na watoto wao, na mmoja mtoto wake kila mwezi anaanguka na hajapelekwa kituo hata siku moja. Bi Ustawi akakaa jamvini akanisogezea nafasi. Nikamuuliza yule mama siku ya mtoto wake inavokwenda, tokea anapoamka.