Hatuulizani

Nimerudi, hii ni wiki ya tatu, baada ya miaka 12 ya kubeba maboksi kwenye ghala la watu ughaibuni. Wengi mmenitumia salamu mkitaka habari za huko. Nitazitoa siku nyingine. Leo nina jambo la hapa nyumbani linaloninyima usingizi.

Jumatatu ya kwanza nilikwenda kusimama kwenye geti la kiwanda nilichokiacha. Mliowahi kufanya kazi mahali penye king'ora cha zamu mnaijua saa ile, wengine wanatoka na wengine wanaingia. Na mnaukumbuka ukuta wa kando ya dirisha la karani wa mishahara. Siku ya malipo, ndani ya bahasha mlikuwa na kikaratasi chembamba chenye wino uliofifia: siku ulizofanya, saa za ziada, makato, kilichobaki. Hakuna aliyeondoka kabla hajakilaza chake ukutani sambamba na cha mwenzake. Palikuwa na mama mmoja wa idara ya kukata vitambaa. Kusoma kulimpa tabu, lakini namba alizijua kumshinda karani. Alikuwa akipitisha ukucha wa kidole gumba mstari kwa mstari, taratibu, halafu anasimama. "Hapa wamekula siku."

Chama chetu cha wafanyakazi kilianzia kwenye maneno hayo matatu, kabla hatujawa na kadi wala mwenyekiti. Mwezi mmoja ukucha ule uligundua kwamba watu 9 wa mstari mmoja wa cherehani wamekatwa fedha za sare ambazo hawakupewa. Saa ya mapumziko wote 9 walikwenda dirishani, vikaratasi mkononi. Kengele ya kurudi kazini ikalia. Hawakubanduka mpaka meneja aliposhuka mwenyewe. Mwezi uliofuata fedha zilirudishwa.

Sasa kiwandani humo yumo mpwa wangu. Hakuajiriwa na kiwanda, ameletwa na wakala. Nilimwomba anionyeshe karatasi ya mshahara, akatoa simu. Ujumbe wa mstari mmoja: umepokea kiasi hiki. Ni kwa siku ngapi? "Sijui, mjomba." Saa za ziada wanakulipa kiwango gani? "Inaingia tu." Na yule mnayesimama naye kwenye mkanda, yeye anapata ngapi? Akashusha sauti, na tulikuwa wawili tu chumbani. "Hatuulizani. Ukiuliza, kesho jina lako halimo kwenye orodha."

Hatuulizani. Nimelirudia neno hilo usiku kucha. Getini siku ile niliona watu wakitoka mmoja mmoja, kila mmoja na saa yake. Mapumziko nayo yamepangwa ili watu wa meza moja wasikutane. Dirisha la karani limezibwa kwa matofali. Umaskini niliuacha, sikutarajia kukuta umekwisha. Lakini kukuta watu wanaofanya kazi bega kwa bega, jasho moja, na hawajui wenzao wanalipwa nini? Hilo sikulitegemea kabisa.

Nikaanza kuuliza wengine. Mlinzi wa usiku hajui kampuni yake inadai kiasi gani kwa kichwa chake. Dereva wa pikipiki anayepata abiria kwa programu ya simu anaona bei yake tu, ya mwenzake aliyeegesha naye hapo hapo haioni. Msichana wa kazi za ndani hana hata mwenzake wa kulinganisha naye, ijapokuwa tangu 2011 Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba Na. 189 unaosema naye ni mfanyakazi mwenye haki kama wengine.

Palikuwa na mwanamke wa Alabama, Marekani, Lilly Ledbetter, aliyekuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear kwa miaka 19. Karibu na kustaafu akakuta kikaratasi kisicho na jina la mwandishi: mshahara wake na wa wanaume watatu wa cheo chake. Wote walikuwa wakimzidi. Alishtaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikamwambia amechelewa, alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumlipa kidogo ulipofanywa. Angelalamikia vipi asichokijua? Sheria ikabadilishwa mwaka 2009, ikabeba jina lake, lakini fedha zake za miaka yote ile hakuzipata. Hiyo ndiyo bei ya kutoulizana.

Wala kudai maelezo ya mshahara si utundu. Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani unataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara kabla ya kuanza kazi, na kila malipo aelezwe mchanganuo wake pale unapoweza kubadilika. Ujumbe wa "umepokea" haumwelezi mtu kitu.

Viongozi wa tawi wanaoonekana Mei Mosi na fulana mpya wananitia uchungu, sitaficha. Wameniambia vijana wa siku hizi hawataki chama. Vijana hawajawahi kumwona mtu wa chama kwenye zamu ya usiku! Na nyinyi mtakaorudi kama mimi, msije na hotuba za mlikotoka. Kule ghalani tulianzia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu wawili, tukatajiana mshahara kwa kunong'ona. Ndipo tulipojua wa usiku walioletwa na wakala wanapunjwa kwa kazi ile ile. Ilituchukua miezi 7 kufika watu 40. Kundi la simu msilifungue mapema, maana siku ya pili msimamizi atakuwa amekwisha kulisoma. Asiende mtu peke yake ofisini, hata akiwa jasiri namna gani. Na msianze na dai kubwa. Anzeni na siku iliyoliwa.

Nilimnunulia mpwa wangu daftari dogo la mfukoni. Kila siku anaandika saa aliyoingia, saa aliyotoka, nani alikuwa zamu. Wenzake watatu wakaomba yao. Jana usiku walikuja kwangu, tukayalaza madaftari manne mezani, na simu nne pembeni zikiwa wazi kwenye ule ujumbe wa malipo. Wawili walifanya siku zile zile, saa zile zile, mkanda mmoja. Mmoja amepungukiwa malipo ya siku mbili. Kimya kilikuwa kirefu, kisha mpwa wangu akaweka kidole kwenye mstari.

Keshokutwa wanakwenda kwa wakala, wote wanne.