Upinde wangu mfupi umefika

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu yake. Upinde wa mbao tupu, inchi 48 tu ncha hadi ncha, nguvu ya kuvuta pauni 45. Ule wa zamani ulikuwa na inchi 66, na kila nilipopiga goti kichakani ncha ya chini iligonga ardhi au kunasa kwenye matawi. Huu naugeuza nitakavyo, hakuna kinachotikisika.

Ila ufupi nao una mambo yake. Ukivuta sana, upote (kamba ya upinde) unafanya pembe kali na kuvibana vidole. Ndiyo maana wapiga mishale wa Kimongolia, waliotumia pinde fupi juu ya farasi, walivuta kwa kidole gumba. Mimi navuta kwa vidole vitatu, naishia inchi 25.

Mishale ya kwanza yote ilikwenda kushoto. Nikalaumu mkono wangu, kumbe mawano, yaani vijiti vya mishale, yalikuwa magumu mno kwa upinde huu. Nilipochukua yanayopindika kwa urahisi zaidi, yakatulia.

Rafiki yangu aliushika akataka kuachia upote bila mshale. Nilimpigia kelele! Nguvu yote ingerudi kwenye mbao, na upinde ungeweza kupasuka papo hapo.

Mawindoni bado. Kwanza mishale mitano mfululizo iingie kwenye duara la kiganja, hatua 15, siku baada ya siku. Mnyama kukimbia na jeraha langu mwilini, hilo sitaki kabisa. Leo jioni naendelea.