Faiawoli ya 1U, siku ya 3: SYN ilipunguzwa, SYN-ACK ikaponyoka

Hatimaye! Tovuti za benki zinafunguka, viambatisho vinapanda. Kosa lilikuwa mpangilio wa mistari ndani ya nftables (programu ya faiawoli ya Linux), basi. SYN ni paketi ya kufungua muunganisho wa TCP, SYN-ACK ni jibu lake.

Raki (kabati la vifaa) kwa kifupi. Kisanduku cha faiawoli kina masikio ya mbele tu na urefu wa sm 40 kwenda nyuma, kwa hiyo kimewekewa reli ya kukibeba. Bila reli kinalala na masikio yanapinda. Nati za M6: hesabu matundu 3 kwa kila U (kipimo cha kimo kwenye raki) kabla ya kubana hata moja. Ukianzia tundu la U ya jirani, utazing'oa zote kwa bisibisi na vidole vitachubuka.

Sasa kichomi chenyewe. Faiba inaingia kwa PPPoE (njia ya mtoa huduma ya kumwingiza mteja mtandaoni) juu ya VLAN (mtandao uliotengwa kwa lebo). PPPoE inakula baiti 8, MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya ppp0 (mlango wa faiawoli wa kwenda intaneti) inabaki 1492, na MSS (data ya juu ndani ya paketi moja ya TCP) ya IPv4 iwe 1452. (VLAN husingiziwa sana hapa, lakini baiti zake 4 hazipunguzi MTU.) Dalili zilikuwa hizi: ping safi, YouTube inacheza, benki inazunguka weee mpaka kivinjari kinachoka. YouTube isikudanganye: mara nyingi hupita QUIC, yaani UDP, na MSS ni habari ya TCP.

Mstari wa dawa, unaoshusha MSS iliyoandikwa kwenye SYN na SYN-ACK, ulikuwepo tangu siku ya 1:

tcp flags syn counter tcp option maxseg size set rt mtu

Ila ulikaa mwisho wa mnyororo wa forward (kanuni za paketi zinazopitia faiawoli), chini ya kanuni inayoruhusu LAN (mtandao wa ndani) kwenda ppp0. Kanuni ikishasema accept, paketi haifiki chini. Kaunta ilisoma 0 siku nzima! Weka counter kwenye kila kanuni unayoitilia shaka. Inaokoa saa nyingi kuliko Wireshark, programu ya kuchungulia paketi.

Mstari ukapandishwa juu ya kanuni ya LAN. Benki zikafunguka, lakini barua pepe zenye viambatisho zikagoma kutoka. SYN ya kwenda ilikuwa inapunguzwa, SYN-ACK ya kurudi ilihesabiwa established (sehemu ya muunganisho ulioanza tayari) na kupitishwa na kanuni ya kwanza kabisa, bado ikiwa na MSS ya 1460. Mashine za LAN zikatuma paketi za 1500. Faiawoli ilipaswa kuzijibu kwa ICMP (ujumbe wa hitilafu za mtandao) kwamba ni kubwa mno, lakini output (paketi zinazotoka kwenye faiawoli yenyewe) ilikuwa drop na ICMP hiyo haikuruhusiwa. Ping -M do -s 1465 (paketi ya 1493 isiyoruhusiwa kukatwa) kutoka LAN ilileta kimya badala ya "Frag needed", na kimya hicho ndicho kilichotoa siri.

Tiba: mnyororo wa peke yake, hook forward priority mangle (unapitiwa kabla ya kanuni za accept), wenye mstari ule tu. Kwenye output, ruhusu established,related. Kuhakiki, SYN isikilize kwenye ppp0, SYN-ACK isikilize upande wa LAN. Kwenye ppp0 tcpdump (chombo cha kunasa paketi) inaiona SYN-ACK kabla haijapunguzwa, utadhani bado mbovu. Pande zote sasa ni mss 1452.

Kurasa za mipangilio zenye vibonye huficha mpangilio wa namna hii. Faili moja ya /etc/nftables.conf unaisoma yote kwa macho.

Leo ilikuwa zamu ya Suricata (programu ya kugundua mashambulizi). Isubiri, kwa sababu RFC 4638 (waraka unaoruhusu PPPoE kuvuka 1492) imeniteka: kadi na VLAN zipandishwe hadi 1508, ppp0 ipate 1500 kamili. PADS (jibu la mtoa huduma la kufungua PPPoE) ikirudi bila PPP-Max-Payload (lebo ya kukubali ukubwa huo), tunabaki na 1492.