Mtutu mpya, au risasi za mazoezi?

Jumapili jioni. Leo mwezi haupo, na kutoka barazani hapa Bwiru, Mwanza, naona taa za wavuvi wa dagaa zikijitokeza moja moja ziwani. Bastola iko mezani, imefunguliwa vipande, kibebeo cha risasi kikiwa tupu pembeni. Nimeikodolea macho tangu saa kumi na bado sijaamua.

Ni CZ 75, kazi ya Wacheki. Niliomba leseni wakati nanunua dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, alfajiri, fedha zikiwa kiunoni. Siku hizi malipo mengi hupita kwenye simu, hivyo hata sababu ile imenywea, na mama watoto hachoki kunikumbusha. Lakini kilichonileta mezani leo ni kutu. Kwa miaka niliiacha ndani ya mfuko wake wa ngozi, kabatini. Ngozi hushika unyevu, na unyevu wa ziwa hauna msimu. Juzi nikamulika tochi ndani ya mtutu: ile mifereji sita inayozunguka kuelekea kulia bado inang'aa, ila karibu na mdomo kuna vishimo, kama bati la zamani.

Nikaanza kuota mtutu mpya, ule wa mashindano.

Jana nilikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Mita 15, risasi kumi, na karatasi yangu ilionekana kama imepigwa na watu watatu tofauti. Mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, akaniangalia bila kucheka. "Mwanangu, ilaze kwanza kwenye mfuko wa mchanga, ndipo uulaumu mtutu." Nikalaza mikono, nikapiga kumi nyingine. Tisa zikajikusanya ndani ya upana wa kiganja. Akaweka kiganja chake juu ya karatasi: "Hiki ndicho cha bastola. Kilichobaki chote ni chako."

Usiku sikulala vizuri. Mtutu wa bastola kama hii haukai tuli. Ukifyatua, unarudi nyuma kidogo ukiwa umeshikana na chuma cha juu, kisha unainama upande wa nyuma na kuachana nacho, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia. Usahihi unategemea sana kama mtutu unarudi palepale kila mara. Ndiyo maana ile ya mashindano hutengenezwa minene kidogo, ili fundi aisugue polepole mpaka ikae bila mchezo. Lakini ikibana sana, uchafu kidogo tu unaikwamisha. Kwa mtu wa mashindano hilo ni usumbufu. Kwa mtu aliyeinunua kwa hofu ya majambazi, bastola inayokwama ni kipande cha chuma tu.

Halafu kuna karatasi. Mtutu si kioo cha simu, useme utaagiza na kubadilisha Jumamosi mchana. Silaha yangu inajulikana kwa namba zake, na sitaki siku ya ukaguzi nianze kueleza kwa nini chuma kimoja hakifanani na wenzake. Kabla ya senti kutoka mfukoni, ni kwenda polisi kuuliza.

Vishimo vyenyewe vinanisumbua kwa sababu ya mahali vilipo. Ukingo wa mdomo ndio unaoigusa risasi mwisho; ukiwa na pengo upande mmoja, moshi wa baruti hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Nimeupapasa kwa ukucha mara nyingi jioni hii. Ukingo wenyewe ni laini. Kutu imeishia ndani kidogo. Nilitamani, kusema kweli, ukucha ukwame.

Pale Mwaloni namjua nahodha aliyebadilisha propela mara mbili mwaka mmoja, akilalamika boti haina mbio, na kila safari anapakia magunia mpaka maji yanalamba ukingo. Nilimcheka sana.

Basi nimeupaka mafuta mtutu wa zamani na kuurudisha. Mfuko wa ngozi nimeutupa. Fedha ya mtutu itanunua risasi za mazoezi, na nimemwomba mzee anisimamie kila mwisho wa mwezi, kama atanivumilia.

Mama watoto amepita na chai. Ameitazama meza, akanitazama mimi. "Baba, bado mnazungumza na hicho chuma?"

Nimemwambia tumemaliza. Hajaniamini.