Umeme kutoka joto la mashine ya mjomba

Mashine ya kusaga ya mjomba wangu, kule Handeni, inazungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja, aina ya S195, nguvu ya farasi 12. Haina rejeta. Juu ya silinda kuna tangi la maji lililo wazi. Injini ikipata moto maji yanachemka, mvuke unapaa, na kila baada ya saa mbili tatu kijana wa mashine anamimina ndoo nyingine. Msimu wa mavuno, foleni ikiwa ndefu, watoto hutumbukiza mayai mle yaive huku wakisubiri mahindi ya mama zao yasagwe. Mwaka huu nililishwa yai moja la namna hiyo. Lilikuwa limeiva sawasawa, na lilininyima usingizi.

Nilipiga hesabu nyuma ya daftari la mjomba. Kazi ikiwa nzito anachoma kama lita mbili na nusu kwa saa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 10, kwa hiyo ni 25 kila saa. Zinazofika kwenye mkanda hazizidi 8 au 9. Zilizobaki zote, 16 au 17, ni joto: sehemu inatoka na moshi wa ekzosi, sehemu inachemsha maji ya tangi. Kwa maneno mengine, kwenye kila lita tatu mjomba ananunua mbili za kuchemshia mayai.

Wakubwa wameshalishughulikia hili. Pale Kinyerezi, Dar es Salaam, mtambo wa pili wa megawati 240 ni wa mzunguko mseto: moshi wa turbini za gesi, ambao kwa mitambo ya namna hiyo huwa na nyuzi 500 au zaidi, hauachwi upae hivihivi. Unapitishwa kwenye boila, maji yanakuwa mvuke, na mvuke unazungusha turbini nyingine. Kwenye mitambo kama hiyo theluthi hivi ya umeme wote hutoka kwenye mvuke, bila kuongeza gesi hata kidogo. Kenya nako, mtambo wa Thika wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito una turbini ya mvuke mkiani mwa injini zake za dizeli.

Mimi mvuke wa shinikizo nimeuogopa mapema. Boila la kuungaunga karibu na foleni ya akina mama ni bomu tu. Nikachagua njia ya kimyakimya: vile vipande vya Peltier, vigae vyeupe vya sentimita 4 kwa 4 ambavyo hukaa kwenye friji ndogo za gari. Ukivipa umeme, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Ukivigeuzia kibao, upande mmoja ukaupasha na mwingine ukaupoza, vinatoa umeme. Jambo hilo Seebeck aliliona Ujerumani tangu 1821. Nilinunua sita Kariakoo, aina ya TEC1-12706, kila kimoja kina jozi 127 za nusukipitishi ndani yake.

Julai 6. Nilianza na ekzosi, maana ndiko kuliko na moto mkali, na akilini mwangu moto mkali ndio umeme mwingi. Nilifunga bamba la alumini karibu na kichwa cha injini, nikabandika kipande kimoja kwa grisi nyeupe ya prosesa, juu yake nikaweka mapezi ya kupozea niliyoyatoa kwenye kompyuta mbovu. Mjomba alipiga hendeli, mkanda ukavutwa, mita ikaanza kupanda: volti 1, 2, 2.8. Nikaita watu waje waone. Walipofika mita ilikuwa inasoma sifuri. Waya mwekundu ulikuwa umening'inia, na pembeni mwa kigae kulikuwa na tone dogo linalong'aa, kama chozi. Lehemu ya ndani, ya bismuthi na bati, huyeyuka kwenye nyuzi 138. Pale nilipofunga palikuwa na zaidi ya 200.

"Sasa mjomba," akaniambia, maana sisi huitana hivyo wote wawili, "umeme ndio huo umedondoka chini?"

Julai 7. Nilisogeza bamba mbele kuelekea kwenye saileni. Pakawa na nyuzi 120 injini ikiwa tupu, lakini ilipoletwa gunia zito la kukoboa joto likaruka hadi 160. Kipande cha pili kikafa. Vimebaki vinne.

Julai 13. Jibu lilikuwa kwenye tangi la mayai muda wote. Maji yanayochemka hayapandi joto zaidi ya pale, hata injini ibebeshwe mzigo gani. Yanaongeza mvuke tu. Kwa mwinuko wa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 98 hivi. Ubavu wa lile tangi, basi, ni pasi iliyofungwa kidhibiti joto ambacho hakiharibiki, ilimradi kijana asisahau kuongeza maji. Nikaomba ruhusa ya kukwangua rangi ubavuni, mahali pa ukubwa wa kiganja.

"Utanitoboa tangi."

"Shikamoo tena, mjomba. Ni msasa tu, sitoboi."

Alisimama juu yangu mpaka nikamaliza. Nikabana bamba la alumini, vipande vinne juu yake kwa mpangilio wa dirisha, vimeungwa kwa mfuatano. Upande wa baridi yakarudi mapezi ya kompyuta. Dakika tano za mwanzo volti 9. Baada ya robo saa, volti 4. Nilipogusa mapezi nikayaachia haraka: yalikuwa na nyuzi 70 na kitu. Kigae hakijali moto ni mkali kiasi gani. Kinalipa tofauti kati ya pande mbili tu, na mimi nilikuwa nimepasha pande zote mbili.

Wiki nzima nilikuwa natafuta joto, kumbe joto lipo tele, linamwagika. Kilichoadimika pale bandani ni ubaridi.

Julai 20. Badala ya mapezi niliweka boksi la alumini lenye maji, lita mbili. Likaenda vizuri kwa dakika kumi, kisha likaanza kuvuguvugu. Hesabu inaeleza: vigae vinne vinapitisha kama wati 130 za joto, na joto hilo linapandisha lita mbili karibu nyuzi moja kila dakika. Lita 20 zingepanda nyuzi tano sita kwa saa. Lita 200, nusu nyuzi tu na kidogo.

Julai 27. Pipa la lita 200, basi. Pampu sitaki, ingekula umeme wote niliouvuna. Nimepandisha pipa juu ya matofali liwe juu kuliko boksi, mpira mmoja unatoka chini ya pipa kuingia chini ya boksi, wa pili unatoka juu ya boksi kurudi pipani. Maji yakipata joto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Nusu siku nzima hayakupanda. Boksi lilipata moto, pipa likabaki baridi, nami nikakaa kwenye gunia la pumba nikiangalia mipira. Mpira wa juu ulikuwa umejikunja mgongo kama wa ngamia, na pale kwenye nundu hewa ilikuwa imekaa ikaziba njia. Niliufunga kwa kamba uwe mteremko mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaukamua kidogo, mapovu matatu yakatoka, na ndani ya dakika mbili nikahisi uvuguvugu ukisafiri ndani ya mpira chini ya vidole vyangu. Sijawahi kufurahia kushika mpira wa maji kiasi kile.

Vipimo, injini ikisaga kawaida: bila mzigo volti 10.8. Kwa mzigo, volti 5.2 na ampea 0.58, yaani wati tatu. Baada ya kupita kwenye kibadilisha volti zinabaki wati mbili na nusu, zinatosha simu moja kuchaji polepole au taa tatu ndogo za LED. Wati tatu kati ya kilowati 16! Hata katika zile wati 130 zinazopita kwenye vigae, nyingine zote zinaishia kwenye pipa. Vigae hivi ni vivivu; watu wa Kinyerezi wana haki ya kutumia mvuke. Lakini vyangu havina kinachozunguka, havipigi kelele, na havijadai grisi tangu vifungwe.

Agosti 3. Faida ambayo sikuitarajia. Tangi la injini linakunywa kama lita nane kwa saa, na zamani kijana alikuwa anachota maji ya baridi kisimani kujazia. Sasa anachota kwenye pipa langu, juujuu kuliko na uvuguvugu, halafu ya kisimani yanamiminwa pipani. Pipa linabaki baridi kwa kazi ileile aliyokuwa anaifanya, nami sijaongeza hata ndoo moja. Hili ndilo ninalojivunia kuliko zile wati tatu.

Kazi iliyobaki: kufunika waya, maana unga unaingia kila mahali na kugandana na mvuke kama ugali, na kuongeza vigae vinne ubavu wa pili, mjomba akikubali msasa tena.

Agosti 10. Nimefika asubuhi kupima tena, nikakuta mita haina pa kushikia. Kwenye waya wangu imening'inia simu ya tochi ya jirani, na mlangoni, chini ya bei ya kukoboa na kusaga, kuna mstari mpya wa chaki: CHAJI 300. Simu nyingine mbili zipo kwenye foleni, juu ya mizani.